Ngwe moja, bei mbili

Kijana wa miaka 27 kutoka wilaya ya Tandahimba ameniandikia barua ya kurasa nne. Kwa ufupi anasema hivi. Baba yake ana ekari sita za mikorosho. Yeye mwenyewe msimu ukiisha hushuka Mtwara mjini kutafuta vibarua. Mara ya mwisho alikaa miezi minane kwenye ujenzi wa kampuni ya wageni akiwa saidia fundi, akaachishwa wiki tatu zilizopita bila kulipwa saa zake za ziada. Kijijini nako palizi imeharibika: ngwe ya ekari moja ambayo wenyeji walikuwa wakipalilia kwa shilingi 40,000, watu wa ng'ambo ya mto Ruvuma, upande wa Msumbiji, wanaichukua kwa 25,000. Anauliza: "Huu utandawazi mnaousifia umetupa nini sisi watu wa kusini, zaidi ya mgeni wa mtumbwi kuchukua jembe letu na mgeni wa ndege kuchukua ofisi? Wakifukuzwa wote, ujira wetu hautapanda?"

Mwanangu, naanza na swali la mwisho kwa kuwa jibu lake ni fupi. Hautapanda. Au utapanda msimu mmoja, halafu utarudi ulipokuwa. Sababu zake ndizo ndefu, na moja au mbili hutazipenda.

Hebu rudi ukurasa wa tatu wa barua yako mwenyewe. Umeandika, kama jambo la kupita tu, kwamba mwaka huu mzee aliwapa watu wa ng'ambo ekari zote sita. Piga hesabu: shilingi 15,000 kwa kila ekari, mara sita, ni 90,000 zilizobaki nyumbani kwenu. Umesema pia kwamba mashine ya kupulizia salfa ilikuwa imekufa, na mwaka huu imetengenezwa. Sikutuhumu kitu. Nataka uone kwamba anayelia na anayecheka wanalala chini ya bati moja, na pengine ni mtu mmoja katika miezi tofauti. Huko duniani wachumi wanaogombana kuhusu wahamiaji wanagombana hasa juu ya hilo: nani anauza jasho lile lile analouza mgeni, na nani analinunua. Nchi tajiri watu hao wawili wanaishi mitaa tofauti. Tandahimba wanakula sahani moja, ndiyo maana ugomvi unakuwa mgumu kuuamua.

Mfano unaotajwa kuliko yote ni wa Miami, Marekani. Mwaka 1980, ndani ya miezi michache, Wacuba wapatao 125,000 walivuka bahari kwa mashua kutoka bandari ya Mariel, na wengi wakabaki Miami. Nguvukazi ya mji ikaongezeka kwa asilimia 7 hivi, karibu kwa mara moja. Ungetegemea ujira uanguke kama embe. David Card, ambaye baadaye mwaka 2021 alipata Tuzo ya Nobel, alichunguza jambo hilo na kuchapisha matokeo mwaka 1990: hakuona ujira wa wenyeji ukishuka, hata wa wale wenye elimu ndogo. George Borjas, mchumi ambaye mwenyewe alizaliwa Havana, alikuja kuzipitia upya takwimu hizo akasema hapana, wanaume wasiomaliza sekondari waliumia sana. Wengine wakamjibu kwamba kundi alilolipima lilikuwa dogo mno. Ugomvi wao haujaisha. Ila nadhani wote wawili wangekubali hili: mgeni haji na mikono tu, anakuja na tumbo. Anakula, anapanga chumba, ananunua sabuni, na kila anachonunua ni kazi ya mtu mwingine.

Hapo kwenu pana tofauti na Miami, na sitaki kukuficha. Mtu wa ng'ambo anayekuja kupalilia hakai. Analala kwenye dungu shambani, anakula muhogo aliokuja nao au anaopewa na mwenye shamba, na senti zake anavuka nazo mto. Duka la kijijini kwenu linamuona mara moja, siku ya kununua vitenge viwili na ndoo ya plastiki. Kwa hiyo ukisema palizi yako imeshuka bei kwa ajili yake, sikupingi. Imeshuka. Ninachopinga ni dawa unayoitaka.

Dawa hiyo ilishajaribiwa. Marekani walikuwa na mpango wa kuwaleta Wameksiko kufanya vibarua mashambani, wakiitwa bracero. Ulianza 1942, na serikali ikaufuta mwisho wa 1964 kwa hoja ile ile ya barua yako: wageni wakiondoka, wenyeji watalipwa vizuri. Miaka mingi baadaye Michael Clemens na wenzake wawili walilinganisha ujira wa mashambani katika majimbo yaliyopoteza wageni wengi na yale ambayo hayakuwa nao kabisa. Hawakuona tofauti ya maana. Wenye mashamba hawakukaa kusubiri wenyeji wapandishe bei. California, mashine ya kuvuna nyanya ilikuwa tayari imeshabuniwa. Ikaingia shambani kwa kasi, na miaka michache baadaye nyanya za kiwandani karibu zote zilikuwa zinavunwa kwa mashine. Mazao yasiyokuwa na mashine, wakayapunguza.

Unadhani mzee wako angefanya nini? Mimi namwona. Angekwenda duka la pembejeo, angenunua lita kadhaa za dawa ya magugu na kuazima bomba la mgongoni, na wewe mwenyewe ungepita kati ya mikorosho siku mbili, tatu, kazi imekwisha. Nimeona mashamba ya namna hiyo kuanzia Newala hadi Nachingwea: chini ya miti majani yamekauka rangi ya tumbaku, hakuna alama ya jembe hata moja. Bomba lile limewanyang'anya watu palizi nyingi kuliko mitumbwi yote ya Ruvuma, na hakuna aliyewahi kuandika barua ya kutaka lifukuzwe.

Sasa nikupeleke kwenye jambo ninalolijali zaidi.

Umehesabu shilingi 15,000 za ngwe. Hesabu na hii. Tuseme ekari sita za mzee zinatoa tani moja na nusu za korosho, mwaka wa wastani. Bei ya mnadani ikipanda au ikishuka shilingi 500 tu kwa kilo, hiyo ni 750,000. Zaidi ya mara nane ya ile akiba ya palizi. Nawe unajua kwamba bei haitingishiki kwa shilingi 500 peke yake. Msimu wa 2017 minada ilivuka 4,000. Mwaka uliofuata wanunuzi walikuja na bei za chini ya 3,000, wakulima wakagoma kuuza, na Rais Magufuli akaamuru serikali inunue korosho yote kwa 3,300 na jeshi liisombe. Malipo ya wengine yalichelewa mno. Mwaka huo, mwanangu, ni nani aliyepata palizi ya maana? Mwenye shamba asipolipwa hamlipi kibarua, awe wa ng'ambo au wa nyumba ya pili. Mwaka 2024 minada ya kwanza ilivuka tena 4,000, na kelele za palizi nilizisikia kidogo sana. Ujira wa jembe Tandahimba unafuata bei ya korosho kama mkia unavyomfuata mbuzi.

Na bei hiyo haipangwi Tandahimba. Sehemu kubwa mno ya korosho yetu inaondoka ikiwa ghafi, na maganda yake, kwenda India na Vietnam. Kilo nne hadi tano za korosho ghafi hutoa kama kilo moja ya korosho karanga, ile nyeupe unayoiona kwenye pakiti. Kati ya ganda na pakiti ndiko kwenye kazi: kuchemsha au kukaanga, kubangua, kukausha, kumenya ngozi ile nyekundu, kuchambua nzima na zilizovunjika, kufunga. Ni kazi ya mikono mingi, na huko kote mingi ni ya wanawake. Kila gunia linalopanda meli pale bandarini Mtwara limebeba na kibarua ndani yake. Hakimo kwenye hati za forodha, lakini kimo.

Umewahi kumtazama mbanguaji kwa karibu? Shangazi yangu alikuwa mmoja wao. Alikaa kwenye kigoda mbele ya kimashine cha mkono na kanyagio. Mkono wa kushoto unaiweka korosho katikati ya meno mawili ya chuma, mguu unakanyaga, ganda linapasuka, kulia kuna kisu kidogo cha kuchokonolea. Mafuta ya ganda yanaunguza ngozi kama tindikali, kwa hiyo kabla ya kuanza alijipaka mafuta ya nazi, na jivu juu yake. Hata hivyo ncha za vidole vyake zilikuwa nyeusi mwaka mzima, na siku ya harusi ya dada yangu alikataa kuweka hina, akasema hina yake anapakwa bure kiwandani. Alilipwa kwa kilo ya korosho nzima. Iliyovunjika ililipwa pungufu, kwa hiyo ukiwahi umeumia, ukichelewa umeumia.

Zamani kazi hiyo tulikuwa nayo kwa wingi, au tulidhani tunayo. Kuanzia miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa 1980 serikali ilijenga viwanda vya kubangua Mtwara, Lindi, Newala, Masasi, Mtama na kwingineko, vingi kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Vilipokamilika korosho haikuwepo. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani kama 145,000. Ikaja operesheni ya vijiji iliyowahamisha watu mbali na mikorosho yao, ukaja ugonjwa wa ubwiriunga, bei ya mkulima ikawa ya kukatisha tamaa, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Viwanda vikafungwa, vikauzwa, vingine vikawa maghala ya kuhifadhia korosho ghafi inayosubiri meli. Sijui kejeli iliyo kubwa kuliko hiyo: kiwanda cha kubangulia kinachotunza korosho isibanguliwe.

Korosho hiyo kwa miaka mingi ilikwenda Kollam, mji wa jimbo la Kerala kusini mwa India, ambako maelfu ya akina mama wanakaa kwenye vigoda kama cha shangazi. Mwaka 2015 serikali ya Kerala iliwapandishia kima cha chini cha mshahara. Wakashangilia. Baada ya hapo viwanda vingi vya Kollam vikafunga milango, wenyewe wakisema hawawezi kushindana, na baadhi ya kazi ikahamia jimbo jirani la Tamil Nadu ambako ujira ni mdogo. Na nani aliyekuwa akiwashinda? Vietnam, hasa eneo la Binh Phuoc, ambako wamechonga mashine za kukata ganda zinazofanya kazi ya vigoda vingi kwa wakati mmoja. Tangu 2006 Vietnam ndiyo inayoongoza duniani kwa kuuza korosho karanga, na sehemu kubwa ya malighafi yake inatoka Afrika, yetu ikiwemo.

Unaona mnyororo ulivyo? Mama wa Newala, mama wa Kollam na mashine ya Binh Phuoc wako kwenye foleni moja ya kibarua na hawajawahi kuonana. Huo ndio utandawazi uliouliza. Unapita bandarini ndani ya kontena, hauna pasipoti, na afisa uhamiaji hawezi kuukamata.

Vitabu vya uchumi vinatuahidi kinyume. Tangu Wolfgang Stolper na Paul Samuelson walipoandika makala yao mwaka 1941, wanafunzi wanafundishwa kwamba nchi yenye watu wengi na mitaji michache ikifungua milango ya biashara, wafanyakazi wake ndio watakaonufaika, kwa kuwa dunia itanunua kile kilicho kingi kwao, yaani kazi ya mikono. Kuna nchi ambako imetokea hivyo. China waliuza nguo, viatu na redio, bidhaa zilizojaa jasho la watu, na ujira wao umepanda mno tangu miaka ya 1990. Sisi huku tunauza matunda ya mti. Mti unahitaji ardhi, mvua, salfa na palizi kidogo; jasho jingi linakuja baadaye, upande wa pili wa bahari. Kwa hiyo milango ikifunguka, anayenufaika Tandahimba ni mwenye mikorosho. Asiye na mti wake ananusa tu. Kama ungeniuliza ni kundi gani ninalolihurumia zaidi katika mikoa yetu miwili, nisingemtaja mkulima kama mzee wako. Ningemtaja yule ambaye mikorosho yake iliwekwa rehani kwa wafanya kangomba, wale walanguzi wa korosho, akawa anapalilia kwa kutwa miti aliyopanda babu yake.

Na hao watu wa ng'ambo? Umesema bibi yako mzaa baba alitokea Mueda, huko Msumbiji. Basi hadithi yao unaijua nusu. Enzi za ukoloni Wareno waliwalazimisha watu kulima pamba na kufanya kazi za shuruti, nao wakavuka Ruvuma kwa maelfu wakakate mkonge kwenye mashamba ya Lindi na Tanga. Huku Kikwetu, karibu na Lindi mjini, wazee bado wanakumbuka habari za manamba na vipande: karatasi yenye siku 30 za kazi, na usipozimaliza hujalipwa. Wenyeji nao walilalamika hivi hivi unavyolalamika, kwamba Mmawia, yaani Mmakonde wa ng'ambo, anakubali malipo ya mbwa. Lakini kilichoumaliza mkonge hakikuvuka mto. Ilikuwa kamba ya plastiki. Mahitaji ya mkonge duniani yakaanguka, mashamba yakaota vichaka, na mwenyeji na mgeni wakaachishwa siku moja.

Sasa kwa nini anakubali 25,000 wakati wewe hukubali? Watu hujibu haraka, kwao maisha ni rahisi. Si kweli hata kidogo. Tangu Oktoba 2017 Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji tunalopakana nalo, kuna vita. Machi 2021 mji wa Palma ulishambuliwa, na hata upande wetu kijiji cha Kitaya kilivamiwa Oktoba 2020. Mtu aliyekimbia hana muda wa kupatana bei. Lakini ipo sababu nyingine, na hiyo niliiona kwa macho yangu.

Nilikuwa afisa kazi kijana, mwishoni mwa miaka ya 1990. Asubuhi moja walikuja watu saba ofisini, wana majembe, mmoja ameshika kamba ya katani iliyofungwa mafundo. Kiswahili chao kilikuwa cha kubahatisha, ila kamba ilizungumza: kila fundo hatua kumi, na mafundo yote wameyahesabu mbele ya mwenye shamba siku ya kupima ngwe. Ekari kumi na moja walizipalilia siku kumi na sita. Siku ya malipo mwenye shamba akawaambia ngwe hazikufika, na wakibisha anaita uhamiaji. Nikamfuata. Alinipokea vizuri, akanipa kiti na dafu, akasema, "Mzee, hao hawapo kisheria. Utamtetea mtu ambaye hayupo?" Nilirudi mikono mitupu. Wale saba walikwishaondoka. Kamba waliiacha barazani.

Mwaka uliofuata nikapita tena kijiji kile. Wenyeji wanapalilia, na bei imeshuka. Nikamuuliza mama mmoja kwa nini amekubali. Akaniambia mwenye shamba amewaambia waziwazi: mkikataa, nawaleta wale, wale hata nisipowalipa hawana pa kwenda. Hapo ndipo nilipoacha kuamini kwamba mgeni ndiye anayeshusha ujira. Kinachoushusha ni mgeni asiyeweza kudai. Mtu asiye na pa kushtaki ana bei moja tu, ile atakayopangiwa, na jirani yake mwenye haki zote atavutwa mpaka hapo. Ukiwafukuza wakarudi usiku, kama wanavyorudi siku zote, umewaongezea woga, na woga huo ndio unaokupunja wewe.

Sheria yetu iko kigeugeu kidogo katika jambo hili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa misingi mingi, na utaifa umo. Sheria ya kuratibu ajira za wageni ya 2015 nayo inamtaka mgeni awe na kibali, na kumwajiri asiye nacho ni kosa la mwajiri vilevile. Nani atamkatia kibali mtu wa kupalilia ekari mbili? Kwa hiyo kila mtu anakosea kimyakimya, na anayelipa gharama ya ukimya ni mwenye jembe. Ningekuwa na sauti Dodoma ningeomba kibali cha msimu, cha bei ya soda, kitolewe hapo hapo kivukoni au pale Daraja la Umoja Mtambaswala, chenye jina la mtu na kima cha chini kimeandikwa juu yake. Baadhi ya wenzangu wananiona nimezeeka vibaya.

Mgeni wa ndege ni habari nyingine, na sitakaa sana hapo. Fundi wa kuchomelea mabomba ya gesi ana cheti kinachokubalika Qatar na Norway, kwa hiyo Mtwara inamlipa bei ya Qatar. Saidia fundi ana soko moja, Mtwara, na nje ya geti wanasubiri wenzake mia. Mwajiri hafanyi chuki hapo, anasoma foleni. Lakini sheria hiyo ya 2015 inamtaka mwajiri awe na mpango wa kurithisha ujuzi kwa Mtanzania. Miezi minane uliyokaa pale, ulishamuona kijana wa VETA akifuatana na mtaalamu mgeni kujifunza? Kama hukumuona, hilo ndilo la kulalamikia, na kwa sauti, kuliko mshahara wa mgeni.

Kilichoumiza watu zaidi katika miaka ya gesi, kwa macho yangu, ilikuwa kodi ya nyumba. Kati ya 2012 na 2014, bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam likijengwa na kila mtu akiota mitambo, wenye nyumba wa Shangani na Chikongola walipandisha kodi wakidai mwaka mzima mkononi. Muuza samaki wa Feri niliyemfahamu alikuwa na chumba na sebule hatua chache kutoka sokoni. Alihama kwenda Mangamba. Kipato chake hakikupungua hata shilingi, tena samaki walikuwa wakinunuliwa vizuri, ila nauli ya kila alfajiri ikawa inakula faida, na alikuwa akifika sokoni mafungu mazuri yamekwishanadiwa. Ukipima maisha kwa ujira peke yake utasema hakuathirika. Bomba likamalizika 2015, wageni wakaondoka, vyumba vikabaki vitupu, na yeye hakurudi. Nilipomuuliza alisema ameshapanda mipapai.

Upande wa pili wa mizani upo pia, tusiwe watu wa kulia tu. Kiwanda cha Dangote kilipoanza kufyatua saruji 2015, mfuko uliokuwa ukisafirishwa kutoka Dar es Salaam ukawa unatoka jirani. Bodaboda ya Kichina, simu, bati, mitumba: vyote hivyo vimefanya shilingi ya kibarua ifike mbali kuliko ya baba yake, japo fundi cherehani wa Masasi atakwambia mitumba imemla yeye mzima mzima. Namkubalia.

Ufanye nini, basi? Kwenye palizi, pelekeni jambo moja kwenye mkutano wa chama cha msingi kabla ya mvua kuisha: bei moja ya ngwe, ilipwe kwa yeyote anayeshika jembe, na asiyelipa atajwe mkutanoni. Watakaodanganya watakuwepo, mzee wako asije akawa wa kwanza. Bei ikiwa moja, mwenye shamba atachagua anayepalilia vizuri, na hapo mwenyeji anayeijua mizizi ya mikorosho hana sababu ya kuogopa.

Kwenye saa zako za ziada, acha kuandikia watu kama mimi. Nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ofisi ya Mtwara, uombe fomu namba moja, hailipiwi. Sheria inahesabu saa 45 za kawaida kwa wiki, na zinazozidi zinalipwa mara moja na nusu. Beba zile picha za daftari la mahudhurio ulizosema umezipiga kwa simu, na zichapishe, kwa maana simu huibwa. Madai ya malipo yana siku 60, lakini kupinga kuachishwa kuna siku 30 tu tangu siku ulipoambiwa usirudi. Kwa tarehe uliyoniandikia, kufikia leo zimebaki tisa.